Mtoto Aliyeachwa Ntungwa

Pale Mwaya, miaka ile ya Wadachi, ndio Wajerumani, aliishi mwanamke mmoja jina lake Neli, mke wa Nsajigwa mkulima wa mpunga. Hakuwa mtu wa kutajwa barazani. Alilima, alipika, Jumapili aliimba kanisani kwa sauti ya chini, na mgeni aliyepita mlangoni pake hakuondoka bila ndizi ya kuchoma. Jambo moja tu liliwashangaza majirani. Binti yake wa pekee, Rut, alikuwa ameolewa ng'ambo ya mto Songwe, upande wa Waingereza, mwendo wa siku moja na nusu kwa miguu, na kwa miaka mitatu Neli hakuwahi kwenda kumwona. Rut ndiye aliyekuwa akija. Kila alipomwalika mama yake, mama alikuwa na neno: mara mpunga unaliwa na ndege, mara goti linauma, mara cheti cha kuvukia mpaka hakijatoka bomani.

Sababu yenyewe aliijua yeye na mumewe tu.

Zamani, kabla bendera yoyote ya Kizungu haijasimikwa kando ya Songwe, Neli alikuwa ameolewa hukohuko ng'ambo. Mume wake wa kwanza alikuwa mwana wa mtunza nyumba ya mizimu, juu ya kilima cha Ntungwa. Nyumba ile ilikuwa kubwa kuliko zote alizowahi kuziona. Watu walisema iliwekwa na mababu wa mababu juu ya msingi wa mawe, na nguzo zake mtu mmoja hakuweza kuzizungusha mikono. Wazee walipanda kuomba mvua. Mtu wa kawaida hakuingia ndani, na hata mwizi alipapita kwa mbali. Chini ya kilima hicho Neli alizaa mtoto wa kiume, wakamwita Aliko, maana yake kwa Kinyakyusa "yupo". Miaka minne baadaye akazaa wa kike, ndiye huyo Rut.

Rut hajafikisha miezi mitatu, wakaja watu wa bunduki waliokuwa wakikamata watumwa na kutafuta pembe za ndovu. Walikuja asubuhi, moshi wa mafiga ndiyo kwanza unapanda. Mumewe akashika mkuki akashuka na wenzake, na hakurudi. Neli akabaki na mmoja mgongoni na mwingine mkononi, na Aliko siku ile alikuwa na homa, miguu haimchukui. Alimbeba kifuani akapanda naye mpaka pumzi ikamwishia mlangoni mwa nyumba ya mizimu. Hapo akawaza kwamba humu hakuna atakayethubutu kuingia, hata mwenye bunduki ana mizimu yake anayoiogopa. Akamkalisha mtoto nyuma ya nguzo ya kati.

"Kaa hapa," alimwambia. "Usilie. Ukilia watakusikia. Nitarudi."

Mtoto akaitikia kwa kichwa. Neli akakimbia kuelekea mtoni. Alipokuwa ndani ya matete aligeuka, akaona moshi mweusi umesimama juu ya Ntungwa.

Kwao Mwaya walimpokea. Wakamlilia mume na mtoto kwa kilio kimoja, Neli amejipaka majivu, kamba ya mgomba kiunoni. Jinsi mtoto alivyobaki hakuwaeleza. Kaburi halikuwepo, kwani cha kuzika hakikuwepo. Nsajigwa alipotaka kumwoa, Neli alimweleza yote. Nsajigwa alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwamba siku atakayotaka kulizungumza jambo hilo atalizungumza, na asipotaka hataulizwa. Hakuulizwa. Mtoto mwingine hakumpata. Rut akakua akijua kwamba baba yake mzazi alikufa vitani, basi.

Mwaka wa 1908 Rut alijifungua mtoto wa kike, akatuma salamu kwamba mjukuu amefikisha miezi mitano na bado hajamjua bibi yake. Mpunga ulikuwa umekwisha vunwa. Neli alianza kutafuta neno la kusema, ila safari hii Nsajigwa alimtangulia.

"Nenda, mke wangu," alisema. "Na ukifika kwa Rut, nenda na pale pengine. Miaka ishirini na mmoja inatosha."

Wiki ileile Neli alipanda mtumbwi na wanawake waliokuwa wakipeleka mchele Lyulilo, na huko, katika soko la vyungu, akachagua chungu kidogo cha Wakisi, wafinyanzi wa ziwani, cha kukaa viganja viwili, kile cha kupikia uji wa mtoto. Mwuzaji alimpongeza kwa kupata mjukuu. Neli akashukuru, "Ndaga," akakifunga katika kanga. Alikusudia kukitia uji na kukiweka pale kilimani, nyuma ya nguzo ya kati, kama mtu awekavyo kitu kaburini. Alijua mwinjilisti wao angemkanya. Kwa hiyo hakumwuliza.

Walimvusha Songwe kwa mtumbwi wa gogo pale Katumba, askari akakitazama cheti chake juu chini kama mtu anayejua kusoma. Ng'ambo ilikuwa nchi ya kigeni sasa, yenye bendera nyingine na fedha nyingine, ingawa wanawake kisimani walimwamkia "Ugonile" kama wa kwao.

Mkwewe Lameck alikuwa mwalimu wa shule ya misheni, kijana mwembamba mwenye moyo mwepesi. Shule ilikuwa imefungwa kwa likizo. Alipenda mambo ya kale kuliko kitu chochote: alikuwa na daftari alimoandika hadithi za wazee, majina ya machifu, hata vipimo vya mawe. Siku ya nne ya ugeni wa Neli alitangaza wakati wa chakula kwamba kesho watakwenda matembezi ya kutwa, wamwonyeshe mama magofu ya Ntungwa. Alisema hakuna mgeni anayefika nchi hii akaondoka bila kuyaona. Hata Wazungu hupanda huko na vikapu vya chakula.

Rut alisema mama hapendi kutembea, na goti lake je.

"Nitakwenda," Neli akasema.

Waliondoka umande haujakauka. Lameck alitangulia na kifurushi cha ndizi na samaki mkavu. Kwa adabu ya mkwe hakugeuka nyuma kumtazama Neli usoni, alisema huku anatazama mbele, na maneno yakawajia juu ya bega lake. Alieleza kwamba hapa palikuwa na kijiji, pale palikuwa na zizi la chifu, kule wazee walikoga kabla ya kupanda kuomba mvua. Alikosea mara mbili. Kisima cha kukogea kilikuwa kushoto, si kulia, na pale alipopaita zizi la chifu ndipo Neli alipokuwa na shamba lake la mihogo. Mbele yake alitembea Rut, mtoto mgongoni, kichwa cha mtoto kikiyumba kwa usingizi, naye Neli akakitazama kichwa kile njia nzima kwa sababu asingeweza kutazama kulia wala kushoto.

Juu ya kilima nyasi zilimfika mtu kiunoni. Msingi wa mawe ulikuwapo, mviringo mkubwa, umepasuliwa na mizizi ya mtini wa mwitu. Nguzo zilikuwa zimekwisha, baadhi zimeungua, baadhi zimeliwa na mchwa, mbili zenye nakshi Mzungu mmoja alizing'oa akaenda nazo kwao. Vigae vya vyungu vilitapakaa kila mahali. Lameck alikuwa na furaha kama mtu aliye nyumbani kwake. Alipima hatua kutoka jiwe hadi jiwe, akamwonyesha Rut mahali palipokuwa mlango, akasema kwamba kwa fikira zake nyumba hii ilisimama miaka mia tatu, na kwamba pengine hakuna jengo la kale kama hili kutoka hapa mpaka pwani.

Neli aliingia pale palipokuwa mlango. Alihesabu hatua bila kukusudia. Nguzo ya kati ilibaki kisiki cheusi, kimo cha goti. Nyuma yake pameota jani laini, la kijani, lililokaa kivulini. Akainama, akaanza kuling'oa kwa mkono, polepole, kama mtu anayepalilia mchicha. Rut akamwuliza anatafuta nini. Neli akasema anapumzisha goti.

Alikuwa amekwisha safisha mahali pa kutosha kuweka chungu, na mkono umo ndani ya kanga alimokibeba, ndipo akapanda mzee mmoja na jembe begani. Lameck alimfahamu, akamwamkia kwa heshima, akawaambia wanawake kwamba huyu ni tata, yaani baba, Ambokile, aliyebaki kuwa mwangalizi wa kilima, na ndiye aliyempa nusu ya habari zilizo katika daftari. Neli alimtazama. Hakumkumbuka, wala yeye hakuonyesha kumkumbuka. Alikuwa mtu wa kijiji cha upande wa pili.

Lameck akamwomba amsimulie mama habari ya siku ya moto, kwani ni mgeni, ametoka kwa Wadachi.

Mzee akaketi juu ya jiwe. Alisimulia kama mtu aliyesimulia mara nyingi, bila haraka. Alisema siku ile alikuwa amejificha kwenye matete ya kijito, pale chini, na kutoka pale aliuona mlango huu waziwazi kama anavyowaona wao. Watu wa bunduki walikuja mpaka hapa wakasimama. Wenyeji waliojificha walidhani wataogopa. Lakini mkubwa wa wale wa bunduki alidhani mna pembe za ndovu, akawaamuru wauvunje mlango.

"Waliuvunja?" Neli akauliza. "Kabla ya moto?"

"Kabla, mama. Waliingia, wakatoka. Pembe hawakuzipata. Walipata mtoto."

Lameck alisema hilo hajawahi kulisikia. Mzee akajibu kwamba hakuwahi kuulizwa. Siku zote Lameck aliuliza habari za mawe.

"Mtoto wa namna gani?" Neli akauliza.

"Wa kiume. Mdogo, wa miaka mitatu, minne. Mtu mmoja alimtoa amembeba begani. Mimi nilistaajabu sana, nikadhani ni bubu. Wengine wote waliokamatwa walikuwa wakipiga kelele, na yeye hakulia. Alikuwa ameufumba mdomo wake kwa mikono miwili, hivi. Hakulia mpaka walipopotea machoni pangu."

Neli aliinuka, kisha akaketi tena palepale penye jani aliloling'oa. Akauliza walielekea wapi. Mzee akanyoosha mkono kuelekea ziwani. Vilikuwako vyombo vya matanga huko, alisema, vya kuwavusha mpaka ng'ambo ya mashariki, na kutoka huko wanapelekwa pwani. Nani ajuaye. Waliovushwa hakurudi hata mmoja.

Hapo Rut aliona uso wa mama yake. Akaja akapiga magoti mbele yake, akamshika mikono, akamwuliza ana nini.

"Yule mtoto ni kaka yako," Neli akasema. "Anaitwa Aliko. Mimi ndiye niliyemweka humu. Mimi ndiye niliyemwambia asilie."

Mzee Ambokile alivua kofia yake ya ukindu akaishika magotini. Lameck alilifunga daftari lake, akasogea mbali, akawapa mgongo.

Rut bado alikuwa ameishika mikono ya mama yake. Kisha akauliza, kwa sauti ndogo:

"Na mimi nilikuwa wapi?"

"Mgongoni."

Rut akaachia mikono ile taratibu. Mtoto wake aliamka, akaanza kulia, na Rut akamzungusha mbele akamnyonyesha, huku anatazama nyasi.

Chungu hakikuwekwa. Neli alikuwa amekuja kwenye kaburi, na sasa kaburi halikuwapo. Miaka ishirini na mmoja alikuwa amemlilia mtoto kwa kilio cha wafu, na kilio hicho, kwa ubaya wake wote, kilikuwa na mwisho wake: kuna siku aliacha kujipaka majivu, kuna mwaka aliweza kucheka. Mfu ametulia. Lakini mtoto aliyetolewa akiwa hai amesubiri. Amesubiri ziwani, amesubiri njiani, ameufumba mdomo kama alivyoambiwa, akijua mama amesema atarudi. Hilo ndilo alilokuwa akiliwaza waliposhuka kilima, na chakula walichobeba hakuna aliyekigusa.

Lameck alijuta sana, ingawa kosa halikuwa lake. Aliandika barua kwa misheni zote alizozijua upande wa mashariki wa ziwa, akiuliza habari za mtu wa miaka ishirini na mitano hivi, aliyechukuliwa mdogo kutoka Ntungwa. Zilirudi barua mbili, za upole, zisizo na kitu.

Neli alirudi Mwaya kabla ya siku alizoagana na mumewe. Nsajigwa alimsikiliza kama alivyomsikiliza zamani, mpaka mwisho, kisha akatoka nje akapasua kuni ambazo hazikuhitajika.

Tangu hapo Neli alibadilika. Meli ya serikali ilipotia nanga Mwaya, Neli aliacha chochote alichoshika akaenda ufukweni. Wapagazi walipopita na safari za pwani, aliketi kando ya njia na kapu la ndizi mbivu, akawagawia, na kila mwanamume wa umri ule alimwuliza kwao ni wapi na mama yake ni nani. Wengine walimjibu kwa heshima, wengine walimcheka. Watoto wa Mwaya wakamwita mama wa wapagazi. Rut alikuja mara moja kwa mwaka kama zamani, akamletea nguo, akapika, akafagia. Lakini ile siku ya Ntungwa hawakuirudia. Alikuwa akimhudumia mama yake kama mtu anayelipa, na Neli aliliona hilo, akakosa namna ya kumzuia.

Mwaka wa 1911 alikuja mpagazi mmoja aliyeitwa Feruzi. Umri ulikuwa uleule. Alisema Kiswahili cha pwani, lakini alipoulizwa kwao alisema hajui. Alikuzwa Kilwa nyumbani kwa bwana aliyemnunua, na jina hili amepewa huko. Alisikia tu kwamba alitoka nchi ya ziwa kubwa, hakujua ziwa lipi. Neli akamkaribisha nyumbani. Akampikia wali na samaki. Alimtazama masikio, alimtazama vidole vya miguu, alitazama anavyokaa. Na kila alipodhani ameona kitu, kilimponyoka. Uso wa mtoto wa miaka minne ulikuwa umekwisha kufutika kichwani mwake, akabaki na ile mikono miwili tu, na hiyo hakuiona yeye, alisimuliwa.

Akamweleza Feruzi yote. Feruzi akasikiliza huku chakula kinapoa.

"Mama," alisema hatimaye, "mimi sikumbuki kilima, sikumbuki moto. Siwezi kukuongopea. Lakini ukitaka kuniita jina hilo, niite, nitakuitikia."

Nsajigwa, aliyekuwa kizingitini, aliinama akatazama ardhi.

"Aliko," Neli akaita.

"Labeka, mama."

Neli akaitikia kwa kichwa, mara nyingi, kama mtu anayekubali neno gumu. Kisha akamwambia, "Ndaga fijo, mwanangu. Kula sasa." Asubuhi alimfungia ndizi na mchele wa njiani. Feruzi aliahidi kupita tena safari nyingine. Hakupita, na wapagazi wenzake hawakujua alikoelekea.

Vita vya Wazungu vilipoanza mwaka wa 1914, Songwe ikafungwa, vyeti vikafutwa, na wanaume wa Mwaya wakachukuliwa kubeba mizigo ya jeshi. Mchele ukachukuliwa pia. Neli aliendelea kuketi kando ya njia, kapu tupu, mpaka masika ya 1915, homa ilipomlaza. Hakuugua siku nyingi. Rut alikuwa ng'ambo, hakusikia kwamba mama yake anaumwa, wala hakusikia kwamba amezikwa.

Alivuka katikati ya mwaka uliofuata, majeshi ya Waingereza yalipokwisha kuingia na mto kufunguka. Nsajigwa alimwonyesha kaburi nyuma ya migomba, limepaliliwa vizuri. Rut alilia kama desturi inavyotaka, kisha akalia isivyotaka desturi, mpaka majirani wakatazamana.

Walipokuwa wamekaa peke yao alimwuliza baba yake wa kambo neno alilokuwa nalo miaka minane: kama mama aliwahi kutamani kwamba siku ile angembeba yule mwingine.

Nsajigwa alikuwa amezeeka, na meno yalikuwa yamepungua.

"Hilo hakunieleza, na mimi sikumwuliza," alisema. "Nitakwambia nilichokiona. Nilipomwoa ulikuwa unakaribia kutembea. Alikataa kukushusha. Alilima umo mgongoni, alichota maji umo mgongoni, mpaka umefikisha miaka mitano, miguu yako inamgonga magotini. Watu walimcheka. Mimi mwenyewe nilimwambia, mwache mtoto atembee. Akaniambia bado."

Rut alikaa siku sita, akamsaidia mzee kuvuna mpunga kidogo uliosalimika na vita, akauanika, akautwanga. Siku ya saba alijifunga nguo, akamuaga, akashika njia ya Songwe.